Jioni Pikapu ya Lafaele Iliposimama Kimya

Sogeeni, enyi mnaomiliki magari, nanyi mnaopanda ya wenzenu! Wekeni chini vikombe vya kakao, watoto wanyamazeni, kwa maana naleta habari nzito ya Lafaele, bwana wa pikapu ya buluu, mshika usukani asiyetetereka, aliyepigana na breki zake mwenyewe huku kisiwa chetu kizima cha Upolu, hapa Samoa, kikibana pumzi.

Breki za zamani zilipokwisha, shujaa huyu hakwenda gereji. Alinunua pedi za bei ya kutupa kwa binamu yake Sapati, muuza vipuri pembeni ya soko, aliyeapa kwa mbingu na nchi kwamba zitadumu mpaka kiyama. Wiki haijaisha, zikaanza kulia. Na kulia gani! Kila alipokanyaga ilitoka sauti kama ya mapepo elfu yanayong'olewa meno. Mbwa wakakimbilia baharini, kuku wakasahau kutaga.

Basi jioni moja baragumu la kombe likapulizwa, kijiji chote kikaketi kusali kama ilivyo desturi yetu, naye Lafaele, aliyechelewa, akakanyaga breki mbele ya nyumba ya mzee Vaifale, mkuu wa baraza. Wimbo ukakatika katikati. Mke wa mchungaji akadondosha miwani.

Kesho yake mzee Vaifale akasimama na fimbo yake, akanena: "Lafaele! Nimeona vimbunga, nimeona bahari ikipiga hodi mlangoni kwangu, lakini balaa kama gari lako sijapata kulisikia. Likilia tena saa ya sala, yule nguruwe wako dume ataliwa na baraza. Nimemaliza."

Ole! Nguruwe yule, mnene kama pipa la mvua, alikuwa wa harusi ya binti wa Lafaele Jumamosi. Fuatino, mke wa shujaa, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Wakwe wanakuja na mikeka yao mizuri ya zawadi, mimi niwape nini? Samaki wa kopo? Nenda gereji!"

"Mke wangu, gereji ghali."

"Na aibu je, wanaigawa bure?"

Lafaele akateremka mjini Apia. Fundi Mareko akafungua gurudumu, akavua kofia kama aliye mbele ya maiti.

"Kaka, hizi si pedi, haya ni mabati. Yameshaitafuna na diski."

"Bei?"

Fundi akaitaja. Lafaele akashika ukuta. "Kwa hela hiyo si nanunua nguruwe mwingine!"

"Mnunue. Halafu mwambie akusimamishie gari mteremkoni."

Shujaa akadondosha chozi moja, la kiume, akalipa.

Alipokaribia nyumbani, baragumu likalia. Na tazameni hila! Vijana wa zamu, walinzi wa saa ya sala, walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na jemadari wao alikuwa Pulemau, mwenye tumbo lisilojua mpaka. Majani ya migomba walishakata. Mawe ya tanuri la kumwokea nguruwe walishakusanya.

"Mwacheni afike usawa wa kwa mzee," akanong'ona Pulemau. "Nitamrukia mbele. Atakanyaga, zitalia, na kesho tunatafuna mafuta mpaka viwiko!"

Akachomoka, mikono juu kama mnazi kwenye tufani. Lafaele akakanyaga kwa nguvu zote za ukoo wake. Pedi zikaikumbatia diski kama ndugu waliopotezana, pua ya gari ikainama, pikapu ikatua upana wa kidole kutoka tumbo la Pulemau. Kimya. Ndani ya nyumba wimbo ukaendelea, laini, mpaka amina.

"Hata kwi?" akauliza Pulemau, machozi yakimlengalenga.

"Hata kwi."

"Rudia basi, kaka. Kidogo tu."

Mzee Vaifale akatoka. Akaitazama pikapu, akamtazama Pulemau, akayatazama majani ya migomba.

"Lafaele," akanena, "leo nimesali mpaka mwisho. Pita, baba, na nguruwe wako ni wako. Na nyie walafi, mawe hayo yapelekeni kwake, mkamchimbie tanuri la harusi."

Wakayabeba, vichwa chini, nyuma ya pikapu iliyosimama kila mlango ili watu wajionee. Wanawake wakapiga makofi, wazee wakavua kofia, na mtoto aliyezaliwa usiku ule kwa jirani yetu akapewa jina Breki, upate kukumbukwa ushindi huo vizazi na vizazi. Analia sana mtoto huyo, lakini saa ya sala hathubutu.