Malalamiko Dhidi ya Upepo wa Bomba Namba Mbili

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Salamu kwako na kwa wote wa ghorofa ya juu. Mimi ni fundi wako wa vipimo, chumba cha chini, mwaka wa sita kwa mkataba wa muda. Uliniahidi ajira ya kudumu siku nitakapokuletea vipimo viwili vinavyolingana. Nyumbani mama mkwe hunitambulisha kwa wageni kama "yule wa muda", na inaniuma sana. Jumanne ulinihamishia kwenye bomba namba mbili, lile ambalo feni hupuliza upepo ndani yake. Upepo wa humo ndio ninaoushtaki:

1. Hauna msimamo. Kihisi nilichobandika ndani ya bomba ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kazi yake ni kutuambia upepo unachukua joto kiasi gani kutoka kwenye bamba la moto. Nikiuliza mara kumi, napata majibu kumi na moja.

2. Una chuki binafsi. Nikienda kunywa chai, mchoro wa kihisi kwenye karatasi ya mashine unatulia tuli. Nikirudi nikaingiza kichwa kwenye kidirisha cha bomba niusimamie kwa karibu, vurugu zinaanza upya.

3. Hauna adabu. Jumatano niliuandikia barua ya onyo, nikausomea kwa sauti, neno kwa neno. Mchoro ukapanda. Nilipofika kwenye "hatua kali", kalamu ya mashine ilitoka nje ya karatasi. Alhamisi nilipiga chafya moja tu, ya bahati mbaya, na ulivyonijibu siwezi kuandika hapa.

4. Nimeuomba radhi. Haukuipokea.

Kwa hiyo naomba uitwe mbele ya kamati ya nidhamu, usimamishwe kazi, nasi tuletewe upepo mwingine uliolelewa vizuri.

Nisalimie katibu wako, wapishi wa kantini na mlinzi wa lango la nyuma, asiyenichekaga.

Ni mimi mtiifu wako, kwa sasa wa muda,
Fundi wa Vipimo

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha alipopita mke wa kaka yangu, fundi umeme wa hapa hapa. Ameniuliza, "Shemeji, unapima nini humo? Feni si tuliing'oa Jumatatu tukaipeleka kutengenezwa? Huo mngurumo unaousikia ni wa mashine ya jirani. Hizo ni pumzi zako!" Nimefunga kidirisha, nikafunga na mdomo, nikapima mara mbili. Vipimo vimelingana hadi tarakimu ya mwisho. Naomba barua yangu ya ajira ya kudumu iandikwe leo, kabla feni haijarudi.