Wamiliki Wanne wa Mheshimiwa

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa baraza la mji, na Spana, fundi baiskeli, ndiye aliyelinakili akalileta kwenye benchi letu, mbele ya saluni yangu.

"Jamani, hadi Ijumaa kila mbwa awe na mwenyewe kwenye daftari la baraza. Asiye na mwenyewe anapakiwa kwenye lori."

"Anapelekwa wapi?" akauliza Mama Mkasi, fundi cherehani.

"Hawajaandika."

Sote tukatazama chini ya benchi. Mheshimiwa alikuwa amelala. Tulimwita hivyo kwa sababu anahudhuria vikao vyote na hajawahi kuchangia hoja. Ni mbwa wa kahawia, sikio la kushoto limechanika, anakula kwetu sote na hana kwao.

"Basi mmoja wetu amwandikishe," nikasema. "Ni bure."

"Bure?" Mzee Kanuni, karani mstaafu wa mahakama, akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Soma kifungu cha tatu, Spana."

"Mmiliki atajibu makosa yote ya mbwa wake, ya zamani na yajayo."

"Ya zamani," Kanuni akarudia. "Nani anataka kujibu suruali ya diwani?"

Mwezi uliopita diwani alikuja kukagua mtaro uliozinduliwa mara mbili bila kuchimbwa, Mheshimiwa akamrarua suruali mbele ya kamera. Ndiyo siku pekee aliyochangia hoja.

"Mimi nina watoto," akasema Spana.

"Huna hata mmoja," akasema Mama Mkasi.

"Niko mbioni. Mama, wewe si ungeishona tu hiyo suruali, yaishe?"

"Niishone? Pale palipoliwa hapana kitambaa, mwanangu. Nitashona hewa?"

"Mimi nasema achukuliwe," Kanuni akakata shauri. "Ana viroboto, hana adabu, na juzi kalamba kikombe changu."

"Na ukakinywea," nikamwambia.

"Nilikisuuza."

Tukatawanyika bila kumtazama yule mnyama usoni. Niliwakasirikia wote, na mimi mwenyewe nikajikasirikia zaidi.

Ijumaa asubuhi lori likaja. Afisa wa baraza akashuka na kamba mkononi, daftari kwapani.

"Mtaa huu nina mbwa wanne," akasoma. "Wote kahawia, wote sikio la kushoto limechanika, wote wanaishi chini ya benchi. Mmoja wa kinyozi."

Nikatazama viatu vyangu. Nilikwenda Jumatano, peke yangu, kwa kujificha.

"Mmoja wa fundi baiskeli. Mmoja wa fundi cherehani." Mama Mkasi akainama kutafuta sindano ambayo hakuwa ameipoteza. "Na aliyetangulia wote, Jumatatu ileile jioni, ofisi ikitaka kufungwa: wa karani mstaafu."

Tukamgeukia mzee. Akakohoa.

"Naona mmoja tu hapa," akasema afisa.

"Ndiye wangu," tukajibu watatu kwa pamoja.

"Vizuri. Sasa, suruali ya diwani. Aliyeirarua ni mbwa wa nani?"

Kamba ilikuwa tayari ina kitanzi. Mzee Kanuni akasimama polepole, akafunga vifungo vya koti.

"Swali zuri, afisa. Kwa mujibu wa daftari lako mbwa ni wanne, na wanafanana. Ukimpakia asiye na hatia, baraza litashtakiwa. Tuonyeshe ni yupi."

"Na hao watatu wako wapi?"

"Wametoka."

Afisa akatazama daftari, akamtazama Mheshimiwa, akarudi kwenye daftari. Kusema mbwa ni mmoja kulimaanisha daftari lina makosa, na mihuri yote minne alikuwa ameigonga yeye. Akaketi kwenye benchi letu, akaandika barua tatu za wito.

"Wafike ofisini Jumanne kuhojiwa. Nani anapokea kwa niaba yao?"

Mzee Kanuni akatoa kalamu, akasaini mara tatu. Palipoulizwa uhusiano wake na waitwao, akaandika: baba.