Picha ya Ubongo kwa Athanasie

Jumatatu, 4 Machi 2013. Lushebere.
Nimepata dawa ya mapenzi, wala si ya mganga! Watafiti wa kutoka Goma wamefunga mashine yao kwenye darasa la shule. Unavishwa kofia yenye nyaya, na kompyuta inachora ubongo wako kwa rangi, mahali unapofanya kazi na mahali uliponyamaza. Na Athanasie, muuza jibini, amenikataa kwa sababu hiyo hiyo: "Papa Eugène, siwezi olewa na muntu mwenye sijui iko na nini mu kichwa." Jumapili akina Straton wanaleta ng'ombe wa mahari kwa baba yake. Straton! Mtu wa kupiga miayo kanisani. Lazima nimpelekee picha kabla hajakubali. Atajiona mwenyewe humo ndani.

Jumanne, 5 Machi.
Pigo. Daktari Emérita, mwenye mashine, hataki wazima. Anatafuta waliovurugwa na vita: wasiolala, wanaoshtuka, wanaoona ya zamani kana kwamba yako mbele yao. Nami nilikuwa nimeshajisifu kwamba nalala kama gogo. Ulimi hauna mfupa! Basi kesho nitaugua. Nimejizoeza uso wa kichaa mbele ya kioo. Straton alipopita akaniuliza kama jino linauma.

Jumatano, 6 Machi.
Nimeigiza ajabu! Nilikosa cha kusema, nikatumia mambo yangu mwenyewe. Kila nikifumba macho naliona duka langu la zamani kule Ntoto. Mlango uko wazi, ukungu umeingia na kukaa juu ya magunia ya chumvi kama mteja mpole. Kaka yangu Jacques anapima maharagwe, ananiita polepole niingie. Halafu moto. Yote ni kweli, lakini si ugonjwa, ni yangu tu. Mara upepo ukabamiza mlango wa darasa, nikajikuta chini ya dawati. Hiyo hata sikuipanga. Kipaji! Emérita amenipa nafasi kesho.

Alhamisi, 7 Machi.
Aibu. Kwetu mtu haendi kupigwa picha hivi hivi. Nilivaa koti, tai na viatu vya misa, nywele nikazipaka vazelini mpaka zikang'aa. Vidude vya kofia vikateleza kama samaki. Nikaoshwa kichwa kama mtoto wa ubatizo, tena kwa sabuni niliyowauzia mwenyewe. Kisha nikatabasamu. Nikakatazwa! Emérita akasema nikikaza mashavu, mashine inasoma mashavu. Picha gani hiyo bila tabasamu? Nikafumba macho nimwaze Athanasie. Vilima vya Masisi vikaelea, ng'ombe wakapanda mawinguni bila kuacha kula, naye akatembea katikati yao na jibini kichwani. Nilijisikia raha sana. Halafu Jacques akaniita.

Ijumaa, 8 Machi.
Picha ninayo. Machungwa huku, buluu kule. Sura ya Athanasie haimo! Emérita anasema mashine haichori watu wala haitaji ugonjwa wa mtu mmoja. Wanalinganisha vichwa vingi ndipo wajifunze kitu. Ila maneno niliyomwambia yamemtia wasiwasi. Anasema ninaumwa kweli, na ugonjwa huo unatibika. Niwe nakuja kila Jumanne kuongea. Nilijiuma midomo nisicheke. Daktari mzima!

Jumapili, 10 Machi.
Niliwahi kabla ya ng'ombe. Nikamwonyesha Athanasie doa la machungwa, nikaapa ni yeye. Akauliza buluu ni nani. Nikasema Jacques, na mdomo ukaendelea wenyewe mpaka kwenye moto. Hakucheka. Akaniambia: "Wende kwa ule docteur, kila Jumanne. Nikiona unaenda, nitawaambia ba Straton barudishe ng'ombe yabo."

Maskini, naye ameamini maigizo yangu! Jumanne siendi. Nafasi hiyo waachiwe wagonjwa. Nimefikiri, nimeona kosa langu: nilipiga picha mahali pasipo pake. Mapenzi hayakai kichwani. Nimesikia kuna mashine ya kupiga picha ya kifua, na moyo uko kifuani, hilo hata Straton analijua. Kesho naanza kukohoa.

Naandika haya machozi yakinitoka, na hakuna anayenitazama. Nimeigiza mno wiki hii, sasa hata kuacha siwezi.