Mchinjaji Aliyekula Maharage Harusini

Sokoni, Mbeya
3 Septemba 1956

Kwa Bwana Fanueli, Dresa wa Zahanati yetu

Bwana mpendwa,

Salaam nyingi, na baada ya salaam pokea pongezi zangu. Mimi ni Halfani, mchinjaji wa sokoni, yule mwenye jongo la mguu. Miezi mitatu iliyopita uliniandikia nisiguse nyama, maini, figo, dagaa wala samaki yeyote, ila nile maharage, mboga za majani, viazi na matunda. Kazi yako ni njema sana. Nakuandikia kukujulisha jinsi ilivyonimaliza.

1. Karatasi ya vyakula hukunipa mimi, ulimpa mke wangu Mwanakhamisi. Mimi ulinipa vidonge tu. Bwana, serikali nzima haina askari kama huyo. Nikirudi kutoka machinjioni ananinusa mdomo. Samaki wakavu niliotumiwa kutoka Rukwa amewagawia majirani, na jioni hiyo walikaangwa nyumba ya pili, upande unaotokea upepo.

2. Unasema mla majani huishi sana. Mimi nimechinja miaka ishirini na miwili. Ng'ombe wote waliopita mikononi mwangu walikuwa wala majani watupu, hakuna aliyeonja hata dagaa mmoja, wala sikumbuki aliyefika uzeeni. Tena, ng'ombe ni nini kama si majani yaliyokwisha kutafunwa? Anayekula mnofu amekula mboga, ila amepunguziwa kazi. Hili nakuachia wewe uliyesoma.

3. Sasa nifike panaponiuma. Wiki tatu zilizopita Bwana Asukile wa Uyole alimwoza binti yake Sekela. Yeye ni Mkristo, lakini ana rafiki wengi Waislamu hapa mjini, kwa hiyo aliniita nimchinjie fahali, kama anavyofanya kila mwenye shughuli huku, ili wageni wote wale chungu kimoja. Nilipelekwa kwa baiskeli, mguu nimeunyoosha mbele. Nikamlaza fahali akaelekea kibla, nikataja jina la Mungu kwa sauti iliyofika barabara kuu. Kisha chakula kikaletwa. Mwanakhamisi alikuwa ametangulia jikoni. Waislamu wenzangu wakapewa pilau ya nyama. Mimi niliyechinja nikapewa bakuli la maharage na majani ya maboga.

Mzee Selemani, aliyeketi kando yangu, akanitazama, akalitazama bakuli langu, akarudisha nyama sahanini na kunawa mikono. Mchinjaji asiyegusa nyama aliyoichinja mwenyewe, maana yake nini? Wageni thelathini walijijibu kimoyomoyo kwamba kisu kiliteleza, au jina la Mungu nililisahau. Hakuna aliyeuliza, maana sisi ni watu wa adabu. Wote wakaomba maharage. Maharage yenyewe yalikuwa sufuria moja ndogo, ya kwangu. Bwana Asukile akadhani tumekinyanyapaa chakula cha Mkristo, Sekela akalia na shela yake kichwani, nami nilipoinuka kueleza, mguu ukakataa, nikaketi juu ya bakuli.

4. Tangu siku hiyo sijaitwa popote. Wanamwita mtu wa Iringa, anakuja kwa basi na visu vyake kwenye kikapu. Bwana Asukile haitikii salamu yangu. Jina langu la miaka yote hiyo, Bwana Fanueli, limekwisha kwa mlo mmoja. Nakuambia kweli, naona uchungu sana.

5. Kwa hiyo naomba kwa heshima uifute amri yako. Kama haifutiki, andika cheti chenye muhuri kwamba mgonjwa ni mimi wala si fahali, kisomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kanisani kwa kina Asukile Jumapili. Kama hilo nalo ni gumu, basi upige marufuku nyama na samaki kwa watu wote, kuanzia hapa hadi Iringa, ili nisionekane peke yangu. Najua mimi ni mchinjaji na nitakosa kazi, lakini kazi nimekwisha kuikosa.

Msalimie mkeo Lea, na watoto, na wagonjwa wote wanaongoja kwenye benchi, hasa wa miguu.

Ni mimi niliye mtiifu kwa shida,
Halfani bin Isihaka

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua tena asubuhi hii. Tangu mfungo wa Ramadhani nilikuwa nasali nimekaa juu ya kigoda. Leo alfajiri nilijaribu kusimama, nikasimama. Nikarukuu, nikasujudu, paji la uso likagusa mkeka, na mguu haukuniuma hata kidogo. Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Nyuma yangu nilimsikia Mwanakhamisi analia. Basi amri usiifute. Tena nakuomba unitumie karatasi nyingine ya vyakula, kwa sababu ile ya kwanza niliichana jana mbele ya macho yake. Yeye ameihifadhi yote kichwani, lakini naona haya kumwuliza.