Sarufi ya Kivarandi na Watani Wake

Jumanne, 1 Juni 1937

Imetangazwa barazani kwamba mahakama ya liwali inatafuta mkalimani. Sharti: mzee mwenye adabu, mjuzi wa lugha nyingi. Nimelisoma tangazo mara tatu. Naona walikuwa wakinifikiria mimi.

Tangu nistaafu ualimu, miaka minne sasa, sijaulizwa kitu ila saa. Mkalimani huulizwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazi hii lazima iwe yangu.

Kikwazo ni kimoja: Raymundi. Tulisoma darasa moja wakati wa Mjerumani. Mimi nina lugha tano: Kinyamwezi, Kiswahili, Kijerumani, Kiingereza na Kilatini cha kanisani. Yeye anazo hizo hizo, na Kigujarati juu yake, kwa kuwa alihudumu dukani kwa Laxmidas. Jioni amenisalimu kwa lugha zote sita. Nikamwambia sikusikia.

Jumatano, 2 Juni

Nimekwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Laxmidas, anifundishe Kigujarati. Akasema nikijitahidi, miaka mitatu. Tunahojiwa Jumanne ijayo.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Nilimwuliza jina kwao huitwaje. Akasema nam. Kijerumani ni Name, Kilatini nomen. Mama? Mata. Kilatini mater. Padre mmoja wa zamani alitueleza sababu, nami naiandika hapa taratibu: lugha hizi ni ndugu. Zilizaliwa nyumba moja, zikatawanyika, nyingine Ulaya, nyingine Bara Hindi.

Ukoo mkubwa kiasi hicho haukosi mtoto aliyepotea njiani. Nimempata. Anaitwa Kivarandi.

Alhamisi, 3 Juni

Sarufi inakwenda vizuri. Mama ni matra, baba ni patra, jina ni namra. Kila jina lina hali saba: ya mtenda, ya mtendwa, ya mwenye mali, ya kupewa, ya kutoka, ya mahali, na ya kuita. Nimeongeza ya nane, ya kulalamika, kisha nikaifuta. Watu wangeshuku.

Kuna umoja, kuna wingi, na katikati kuna uwili, kwa vitu viwili tu: macho, maksai wa jembe, mke na mume. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kama kwa Wajerumani, ili msikilizaji asikukate kauli.

Nimemsomea mke wangu Apolinaria ukurasa mzima. Akaniuliza, Baba Siwema, hao Wavarandi wanaishi wapi? Sikuwa nimefika huko.

Jumamosi, 5 Juni

Lugha bila wenyewe ni nguo bila mvaaji. Leo nimewapa Wavarandi historia, mbele ya watu, kwenye kiwanda cha Ngollo mhunzi. Raymundi alikuwepo akinolewa panga lake. Vizuri zaidi.

Nikaeleza: Wavarandi ni watu wa milimani, kaskazini ya Uajemi. Wachache walishuka hadi pwani, wakapanda bara na misafara ya pembe. Mmoja wao aliugua homa pale Tura, babu yangu akamuuguza, wakachanjiana damu. Kwa hiyo babu akawa Mvarandi, na mimi pia. Lugha nimeirithi.

Raymundi akasema hajawasikia. Nikamwambia kwa upole kwamba dunia ni kubwa kuliko duka la Laxmidas.

Ngollo ndiye aliyependezwa. Aliacha kuvuta mivukuto. Akauliza, hao walitembea na wapagazi wetu Wanyamwezi? Nikasema walitembea. Walikula chungu kimoja? Kimoja. Mmoja akifa, mwenzake alimzika? Alimzika, nikasema, na akamlilia kwa uwili. Siku nyingi sijapata mwanafunzi wa namna hii.

Jumapili, 6 Juni

Nimetoka misa nikakuta Ngollo ameketi kwangu, kwenye kiti changu, anakula jogoo wangu.

Nikamwuliza maana yake nini. Akasema, “Mtani, tulia. Mtu aliyetembea na babu zetu, akala nao, akazikana nao, ni nani kama si mtani? Wewe mwenyewe umesema. Karibu paja.”

Nimekaa nikafikiri. Mtani hakasirikiwi, akikutukana unacheka, akichukua kitu unamwachia. Nikikasirika, nitakuwa nimesema kwamba mimi si Mvarandi. Nimecheka. Paja lilikuwa gumu.

Jumatatu, 7 Juni

Habari imeenea. Mwanne muuza vitumbua amechukua mwavuli wangu, akaniita mla panya wa milimani. Wapagazi wawili wa stesheni wamebeba godoro, wakanisifu kwa ukarimu wa kwetu. Hata mtunza kengele wa kanisa amenipiga kofi la kichwa na kuniombea heri.

Apolinaria amesema maneno machache. Niende kwa Ngollo, niseme nimedanganya, godoro lirudi. Nikamweleza kwamba mambo hayawi mepesi hivyo. Kesho ndiyo kesho. Nikishapata kazi, nitawaua Wavarandi wote kwa ndui.

Amelala kwa dada yake.

Jumanne, 8 Juni

Asubuhi koti langu jeusi halipo. Nimekwenda kuhojiwa na shati.

Waliokaa mbele ni liwali na Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Raymundi ametangulia: lugha sita, kila moja kidogo kidogo, kama muuza vitambaa. Nikasimama. Nimeeleza hali zote saba na uwili. Bwana Shauri aliandika, akaomba nirudie hali ya kuita. Moyo wangu ulichanua. Huku ndiko kuulizwa.

Ndipo Ngollo akaingia, koti langu mwilini, nyuma yake Wanyamwezi kama kumi na tano. Wakapaza sauti kwamba nisipewe kazi, kwamba Wavarandi ni wezi wa mihogo, kwamba mababu wa Kinyamwezi waliwabeba mgongoni kutoka Tura kwa sababu ya uvivu. Bwana Shauri akataka askari. Liwali akamwambia hapana, Bwana, huu ni utani, hauna jinai.

Kisha liwali akanigeukia. Alisema polepole, kama mimi nilivyokuwa nikisema na wanafunzi wazito. Mwalimu, robo tatu ya mashahidi wangu ni Wanyamwezi. Kama wewe ni Mvarandi, kila shahidi atakutukana kabla ya kuapa, nawe utalazimika kucheka. Kesi ya mbuzi mmoja itafika Krismasi. Kama si Mvarandi, umeidanganya mahakama. Ni lipi?

Raymundi aliinama kunitazama usoni.

Ningesema si Mvarandi, ningepoteza kazi, jina na sarufi. Nikasema: “Mvarandi.”

Walipiga vigelegele. Kazi amepewa Raymundi.

Alhamisi, 10 Juni

Apolinaria amerudi, kwa sharti kwamba nikawaambie watu ukweli kabla ya Jumapili. Godoro halijarudi. Ngollo alipita kunisalimu, Matra yako hajambo? Ametamka vizuri. Nikamsahihisha kidogo, akaketi saa nzima kuuliza mengine, akaondoka na sufuria.

Nimetafakari kwa makini kosa langu liko wapi. Nimeliona. Lugha haikuwa na kasoro hata moja. Kasoro ilikuwa ni tabia ya Wavarandi: walikuwa watu wa kujichanganya mno.

Usiku huu naanza Kisolemi. Ni ndugu ya Kivarandi, hali tisa, kitenzi kinakuja mwanzo. Wasolemi waliishi bonde la pili. Hawakusafiri na mtu, hawakula na mtu, hawakumzika mtu. Hawana mtani duniani kote. Nasikia Usoke nako wanatafuta mkalimani.

Apolinaria amechungulia begani kwangu. Ameuliza, kama hawakukutana na mtu, wewe umewajuaje?

Nimemwambia hilo ni la sura ya pili.