Giga Thelathini na Mbili za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye wamenitambua! Mashine ya kutotolesha vifaranga ya mama mkwe inagandaganda. Ina kompyuta ndogo inayopima joto na kugeuza mayai, na kadi yake ya kumbukumbu imechoka. Ndani kuna mayai arobaini na nane, leo siku ya kumi na tano. Nikasema niachieni mimi. Mama mkwe akakubali, ila akaongeza kwamba mayai yakiharibika, ile stoo ninayoiita ofisi atampa shemeji atengenezee simu zake. Stoo! Mle kuna meza, na kalenda.

Nimeinakili kadi nzima kwenye laptopu yangu, faili moja kubwa. Kabla ya kuirudisha, shemeji akaomba aichungulie kidogo. Nikamwachia dakika ishirini. Sina roho mbaya.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua kadi mpya. Imeandikwa giga thelathini na mbili. Ya zamani nayo imeandikwa giga thelathini na mbili. Nakala imegoma kuingia! Ati kadi mpya ni ndogo kidogo. Nimerudi dukani kudai haki yangu. Muuzaji, bila hata kuinua macho, akasema kila kiwanda kinapima kivyake. Wezi wa mchana kweupe.

Shemeji akanieleza bila kuulizwa. Kadi ina vyumba viwili, kidogo cha kuwashia na kikubwa chenye kazi yote. Kwanza unakusanya vilivyomo ndani ya kile kikubwa, halafu unasogeza ukuta, mwisho ndipo unakata mkia wa faili. Tena ukate nakala nyingine, si hiyo hiyo moja. Hotuba nzima! Nikamwambia aende kwenye simu zake. Nimeona kwa macho yangu kwamba kadi imetumika nusu tu. Basi mkiani ni patupu. Patupu panakatwa.

Nimekata. Imeingia bila kulalamika! Kadi ya zamani nimeifuta papo hapo na kuitia kwenye simu yangu. Itafaa kwa picha.

Saa kumi jioni. Mashine haiwaki. Kwenye skrini imeandika tu kwamba chumba kikubwa kimepitiliza mwisho wa kadi. Uchokozi huo.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba nzima imenigeuka. Tangu jana mama mkwe anayatunza mayai kwa mkono. Chupa za maji ya moto, mataulo, yai moja moja analigeuza. Chai yake imepoa mezani. Nikamfafanulia kosa la kiwanda, kwamba giga zao si giga zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mkwe wangu,” akasema, “mayai hayajui giga.”

Mke wangu akacheka. Mke wangu mwenyewe, wa ndoa!

Kisha nikaviona vidole vya mama mkwe, vimekunjamana kwa maji ya moto. Nikaona haya, kweli kabisa. Nikafungua kinywa niombe radhi, na hapo hapo shemeji akaingia na laptopu yake. Kumbe kuchungulia kwake kwa Jumatatu kulikuwa kunakili! Akaichukua kadi yangu mpya, akakusanya, akasogeza, akakata, akaiandika upya. Mashine ikawaka. Nikamuuliza kwa nini alinakili kwa siri. Akajibu kwamba ananijua. Tusi mbele ya wakwe! Radhi nikaimeza.

Jumapili, 10 Machi

Vifaranga arobaini na mmoja! Mama mkwe analia kwa furaha. Nami nilifuta macho, vumbi tu. Nikawakumbusha kwamba kadi niliinunua mimi.

Ofisi hakupewa shemeji. Wamepewa vifaranga. Naandika haya wanne wakiwa juu ya kiatu changu, na kalenda wameidonoa mpaka mwezi wa sita. Nimelalamika. Mama mkwe akaniomba nifunge mlango taratibu, wasishtuke.

Shemeji ameniwekea nakala nzima ya kadi kwenye laptopu. Akasema hiyo ni ya akiba, nisiiguse hata kidogo. Kana kwamba mimi ni mtoto! Sijaigusa. Nimeitazama tu. Giga thelathini na mbili, nusu yake haina kitu, imenijazia laptopu bure.

Nimeupima mkia wake. Safari hii nakata kidogo tu.