Mimi na Ng'ombe Wangu

Jumapili, 8 Juni 2003
Mchumba wangu Soipan amelia tena baada ya ibada. Baba yake, Mzee Parmuat wa Kiserian, anauliza nina ng'ombe wangapi. Mimi! Karani, mpangaji wa chumba kimoja Noonkopir. Nikimkosa Soipan nimekwisha. Lakini nimepata wazo. Mzee hajawahi kuniona. Basi ataniona kwa picha!

Jumatano, 11 Juni
Tumepiga. Ng'ombe ni wa jirani yangu Koinet, ambaye alikuwa ameenda sokoni. Nilivaa suti, nikashika fimbo. Muteti mpiga picha alinisihi nisogee kando, eti namziba dume mweupe. Nilikataa katakata. Picha ni ya nani?

Jumamosi, 14 Juni
Picha imesafishwa. Nimeitazama asubuhi nzima. Sura ya tajiri kabisa! Mwenye nyumba alipobisha mlango nilimjibu kwa madharau. Soipan aliuliza ng'ombe ni wa nani. Nikasema wa familia. Aliinama, akaibeba picha kwenda Kiserian.

Alhamisi, 19 Juni
Balaa! Soipan anasema mzee alifurahia picha sana, akaita hadi majirani. Kisha akauliza ni nani huyo mchungaji wa ng'ombe aliyemziba dume. Mchungaji! Na suti yangu! Halafu akaangalia masikio. Kumbe kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe, na wazee wanayasoma kama gazeti. Koinet ni mpwa wake. Dume mweupe alipewa na mzee mwenyewe, siku ya kutahiriwa kwake. Picha iko ukutani kwake sasa. Mimi nimeondolewa kwa mkasi. Dume amebaki bila makalio.

Jumapili, 22 Juni
Soipan hakuja kanisani. Selpha wa kwaya amenipa ujumbe wake. Mzee alikuwa amekubali nije hivyo hivyo, mikono mitupu, tunywe chai tuongee. Soipan alikuwa amembembeleza mwezi mzima. Alitaka kunipa habari hiyo siku ile nilipomkabidhi picha. Sasa hataki kuniona. Anasema alimpenda yule wa chumba kimoja, huyu wa fimbo hamjui.

Nimelia hadi kichwa kikauma. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Sikuwahi kuhisi upweke wa namna hii.

Jioni nimefikiri kwa makini na kosa nimeliona. Ni masikio. Nimeongea na Muteti. Safari hii atawapiga picha ng'ombe kutoka nyuma.